Fomu ya Kiberiti na Kamati Iliyoijaza

Benchi letu liko ubavuni mwa kinyozi, pale ukuta unapotoa kivuli mpaka karibu na adhuhuri, halafu jua linatufukuza kila mtu akaendelee na kazi aliyoikimbia. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na umeinama kidogo, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kushoto huteleza polepole kumwendea mwenzake, na hapo ndipo ninapokaa mimi. Wananiita Pasipoti. Nimepika kwenye meli za mizigo, nimefagia viwanja viwili vya ndege, nimepotea katika miji ambayo mpaka leo siwezi kutamka majina yake, na baada ya ujanja wote huo nimerudi hapahapa kuuza vipuri vya majiko. Kulia kwangu hukaa Daftari, mtunza stoo ya rangi, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Mlangoni, mkasi mkononi, husimama Spika, kinyozi mwenyewe, ambaye hajawahi kumaliza kichwa cha mteja bila kutoka nje mara nne kuchangia hoja. Mama Buli anatumiminia kahawa na kutudharau sote kwa usawa. Alhamisi hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, tulikuwa tumetulia, hatuna ugomvi na mtu, alipofika Kiberiti, fundi miwani, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nane.

— Jamani, nina shida.

— Salamu kwanza, alisema Daftari.

— Hamjambo, nina shida. Nimechanganya tena.

Tulijua anachosema. Kiberiti anachonga vioo vya miwani vizuri kuliko fundi yeyote mjini. Akizama kwenye kioo kimoja, unaweza kupita na bendi nyuma yake asigeuke. Tatizo ni kioo hicho kinakwenda kwa nani. Safari hii bibi mmoja mshonaji alipewa vioo vya dereva wa lori, na dereva wa lori akapewa vya bibi.

— Bibi anasema sindano anaiona iko mtaa wa pili, alisema Kiberiti. Na dereva...

— Usitwambie ya dereva, nikasema. Mimi napita barabarani.

— Ni mara ya tatu mwaka huu. Tajiri amesema Jumamosi nilete barua ya daktari inayoeleza kichwa changu kina nini, au nirudishe aproni. Nimekwenda hospitali. Daktari anahisi ni ADHD. Yaani akili inarukaruka, mwili hautulii, unaanza jambo unaliacha, unasahau. Anasema inaanza utotoni, watu wengine inapungua wakikua, wengine wanazeeka nayo. Sasa hawezi kuandika kitu mpaka mtu aliyenijua nikiwa na miaka kumi na mbili mpaka kumi na minane ajaze hii fomu. Mama angejaza, lakini mama hayupo. Baba siku hizi ananiita kwa jina la mjomba. Nimebaki na nyie.

— Lini inatakiwa? Daftari aliuliza, tayari kalamu moja imetoka.

— Leo. Dirisha la hospitali linafungwa saa sita. Likifungwa, miadi mingine ni baada ya miezi minne. Mke wangu atapita saa tano na nusu kuichukua. Amesema nisiipeleke mwenyewe.

— Kwa nini usiipeleke mwenyewe?

— Hii ni ya pili. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe.

Wakaniteua mimi kuwa mwandishi, eti nimejaza fomu nyingi za viza. Kweli nimejaza kumi na moja. Saba kati yake nilinyimwa, lakini hapa kwetu uzoefu ni uzoefu.

Nikaikunjua karatasi pajani. Maswali kumi na manane, kila moja na visanduku vinne: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.

— Swali la kwanza, nikasoma. Alipokuwa na umri huo, alishindwa kumaliza kazi alizozianza?

— Kamwe! alisema Spika kutoka mlangoni.

— Kamwe vipi? Daftari alimgeukia. Banda la njiwa alilianza, tukabeba mbao sisi, akatuacha juu ya paa na nyundo akaenda kutazama mtu anachimba kisima!

— Daftari, hiyo karatasi inakwenda wapi?

— Hospitali.

— Ina muhuri?

— Ina muhuri.

— Basi. Mimi simchongei mwenzangu kwenye karatasi yenye muhuri. Leo wataandika hamalizi kazi, kesho atakwenda kuomba leseni wamwambie sisi tunakujua wewe, mtu wa njiwa. Pasipoti, andika kamwe.

— Lakini mimi nilitaka kusema... alianza Kiberiti.

— Wewe tulia, tunakusafisha.

Nikaandika kamwe. Sitajitetea, nimewahi kuishi nchi ambako karatasi yenye muhuri ilinifanya nilale stesheni siku mbili, na hoja ya Spika iliniingia vizuri kabisa. Swali la pili, alipoteza vitu? Kamwe. La tatu, alisahau alichotumwa? Kamwe, na Spika akaongeza kwamba alikuwa anarudi na chenji, jambo ambalo halikuulizwa. La nne, la tano, la sita. Tulikwenda kwa kasi ya ajabu. Kwa mujibu wa karatasi ile, Kiberiti wa miaka kumi na mitano alikuwa ndiye mtoto aliyetulia kuliko wote waliowahi kuvaa sare ya shule.

Mama Buli alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua kichwa.

— Nyinyi. Daktari akisoma hivyo atasema nini?

— Atasema ni mzima, alisema Spika kwa fahari.

— Na mtu mzima, hana tatizo lolote, anayechanganya vioo vya watu mara tatu kwa mwaka, anaitwaje?



— Mzembe, alisema Kiberiti taratibu. Tajiri ndivyo alivyoniita.

Fomu ni moja, kalamu ni ya wino, na nimeshamfanya malaika mara sita.

— Si nilisema! alifoka Daftari, ambaye kwa kweli alisema. Kata! Kata zote, andika ukweli!

Nikakata. Kufikia hapo ilikuwa saa nne na robo na ukurasa wa kwanza ulionekana kama kuku amepita na miguu yenye matope. Halafu, kwa kuwa sisi hatujui kukaa katikati, tukahamia ng'ambo ya pili. Kila kitu kikawa kila mara. Alipoteza vitu? Kila mara! Andika na pembeni, Pasipoti: alirudi nyumbani na kiatu kimoja, na hakikuwa chake. Alisahau alichotumwa? Andika: alitumwa chumvi akarudi jioni na mbwa.

— Yule mbwa alikuwa amenifuata mwenyewe, alisema Kiberiti, na kitu ambacho watu hawajui ni kwamba...

— Usitukatize, alisema Spika. Swali la kumi, soma.

— Alizungumza kupita kiasi?



— Kila mara, alisema Spika, lakini bila nguvu.

— Huyo ni wewe, alisema Daftari.

— Tunaulizwa habari za Kiberiti.

— Ndiyo, na Kiberiti hakuwa mzungumzaji. Wewe ndiye uliyehamishiwa na mwalimu karibu na ubao ukaanza kuzungumza na ubao.

— Sawa, na nani alikuwa anatikisa dawati mpaka wino unamwagika? Si wewe, Daftari? Tulitolewa darasani watatu siku moja, kwa kosa moja! Kutotulia! Tulipigishwa magoti kwenye kokoto sote!

Hapo ndipo saa yetu ilipopotelea, maana ni kweli. Mimi nilikuwa darasa la nyuma yao, niliona dirishani. Watatu, mstari mmoja, kokoto zilezile. Na leo mmoja ana stoo ambayo makopo yake yamepangwa kwa rangi, kwa ukubwa na kwa tarehe. Mmoja ana duka linalojaa watu wanaokuja kumsikiliza zaidi ya kunyolewa. Na mmoja amesimama mbele yetu anasubiri aambiwe kama ana kazi Jumatatu.

— Sasa hapo ndipo ninapouliza, alisema Spika, na mkasi ukapanda juu. Kwa nini yeye tu?

— Daktari aliniambia kuhusu hilo, Kiberiti alisema haraka haraka. Kwamba hulka ya mtu nayo...

— Ni nywele, alisema Spika.

— Nywele?

— Mimi ndiye ninayemnyoa. Ana vimbunga viwili utosini. Kimoja kinakwenda kulia, kingine kushoto. Kichwa chenye vimbunga viwili kitatulia saa ngapi?

— Hata mimi ninavyo viwili, nikasema.

— Na wewe umetulia? Wewe umefukuzwa na nchi nne!

Sikufukuzwa. Mbili niliondoka kwa hiari siku moja kabla. Lakini nikaona na mimi nitoe mchango, nikawaambia nadharia yangu ya baridi: kwamba kule kwenye barafu watu wametulia kwa sababu ukirukaruka unateleza, kwa hiyo Kiberiti angepelekwa huko akiwa na miaka kumi na minne, leo angekuwa hakimu. Daftari akanitazama kama anavyotazama kopo lenye kutu.

— Ni foleni, alisema Spika, ambaye wazo halikai kwake peke yake, huita wenzake. Mama yake alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mtoto tumboni anasikia watu wanasogea, wanasimama, wanasogea, wanasimama. Akazaliwa na foleni kichwani! Kila jambo linasogea kidogo, halafu linasimama, linaingia lingine.

— Na wewe ulizaliwa kwenye nini, redio? aliuliza Mama Buli.

— Vioo navyo vinachangia! Mtu anashinda anachungulia kwa macho ya watu wengine...

— Alikuwa hivi miaka ishirini kabla ya kushika kioo! Daftari alisimama. Alikuwa amekasirika kweli sasa, mishipa ya shingo imetoka. Acheni upuuzi! Dirisha linafungwa! Hakuna vimbunga, hakuna foleni. Ni nidhamu tu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikajirekebisha. Kila kitu mahali pake, kila saa na kazi yake. Angetaka, na yeye angeweza.

Kiberiti aliangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mguu wake haukuwa unatikisika.

Mama Buli akaweka kikombe chini.

— Daftari, mwanangu. Tangu umekaa hapo umekwenda kutazama kufuli la stoo mara tatu.

— Ni tahadhari.

— Mara ya pili ulirudi njiani ukaenda tena kabla hujafika hapa.

— Nilitaka kuhakikisha.

— Ulihakikisha nini?

Daftari akakaa, na kwa kuwa benchi limeinama, nikateleza nikamgusa bega. Nikafikiri bado ana hasira. Haikuwa hasira.

— Kazini naingia saa moja, alisema. Mnajua nafika saa ngapi? Saa kumi na mbili na robo. Nasimama nje ya geti kama mlinzi, kila siku, mwaka wa kumi na tisa huu. Nina orodha ya mambo ya kufanya. Nina orodha ya pili ya kuniambia ya kwanza nimeiweka wapi. Mke wangu akizungumza na mimi, namwandika kiganjani chini ya meza, kwa sababu nikimtazama tu maneno yanapita. Mnadhani nimepona? Sijapona. Kichwa changu kinaruka kama cha huyu. Ila mimi naogopa. Siku ile kwenye kokoto niliapa hakuna mtu atakayeniona tena nimekosea, na tangu siku ile sijapumzika.

Spika akashusha mkasi, na mjue hilo si jambo dogo. Mteja wake alichungulia kutoka ndani kuona kama amepatwa na kitu.

— Mimi siku ile nilicheka, alisema Spika baadaye, sauti ya chini. Kokoto ziliuma, lakini darasa zima lilikuwa dirishani linanitazama. Nikaona kumbe nikikosea kwa kuchekesha, watu wanakuja. Ndiyo hivyo hivyo mpaka leo. Kodi ya duka husahau, mwenye nyumba akija namchekesha.

— Mimi nililia, alisema Kiberiti.

Tukamgeukia. Nadhani ilikuwa sentensi ya kwanza tuliyomwacha aimalize tangu tuanze nadharia za vimbunga.

— Nililia siku tatu. Kila mtu aliyesema kitu kuhusu mimi, nilikibeba. Wewe mjinga, nikakibeba. Wewe hujali, nikakibeba. Ndiyo daktari alikuwa ananieleza, na nimekuwa nataka kuwaambia tangu saa tatu na nusu. Anasema kutotulia ni kule kule, lakini mtu na hulka yake. Mwenye kujipanga, anajifunga kamba kidogo. Mchangamfu, watu wanambeba. Mwepesi wa kuumia, kila kosa linamwacha na woga wa kosa linalofuata, na ukiwa na woga ndiyo unakosea zaidi. Si kwamba imeandikwa, alisema. Ila ndivyo mara nyingi anavyoona. Kuna mahali chini hapo pa kueleza nilikuwa mtoto wa namna gani. Ndipo anapopataka zaidi kuliko visanduku.

Nikatazama. Kweli, chini ya swali la kumi na nane kulikuwa na mistari mitano mitupu. Hatukuwa tumefika. Tulikuwa bado kwenye swali la kumi, na ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Sijawahi kuandika kwa kasi ile, hata nilipokuwa najaza fomu melini huku afisa wa uhamiaji anapanda ngazi. Daftari alisoma maswali, Spika alijibu kwa neno moja moja, jambo lililomuuma kama jipu, na Kiberiti mwenyewe alisahihisha. Mara nyingi. Mara chache. Hilo kamwe, kweli kamwe, sikuwahi kumpiga mtu. Kwenye mistari mitano Daftari alinyang'anya kalamu akaandika mwenyewe. Sikuona yote. Niliona "mpole," niliona "huumia haraka," na niliona "alikuwa na akili kuliko sisi."

Mke wa Kiberiti alifika amevaa sare ya dobi, mikono bado ina joto la pasi. Ameomba ruhusa ya saa moja kazini na uso wake ulionyesha kwamba dakika arobaini zimeshakwenda.

— Mmemaliza?

— Tumemaliza, shemeji, alisema Spika. Kazi ya kitaalamu.

Akaichukua. Akaigeuza juu chini akitafuta pa kuanzia, maana makosa yangu na majibu yangu yalikuwa yamechanganyikana. Akasoma amesimama, midomo inacheza. Tulingoja acheke kwenye chumvi na mbwa. Hakucheka. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

— Alitoka kwenye chumba cha mtihani akafuata kelele za nje, akasahau kurudi, alisoma. Hii ni kweli?

— Kweli kabisa! Spika alichangamka. Shemeji, tena huo ulikuwa mtihani wa mwisho! Sisi tuko ndani, tunamwona...

— Na kiatu. Na banda la njiwa.

— Nani asiyejua habari za banda la njiwa!

— Mimi, alisema.

Akaikunja karatasi mara moja tu, taratibu, kwenye mkunjo uliokuwepo.

— Nimekaa naye miaka kumi na saba. Nikimtuma kitu akasahau, nasema hanijali. Nikizungumza akaangalia pembeni, nasema amenichoka. Mtoto wa pili nilikwenda kujifungua peke yangu kwa sababu alitoka kuita gari akakuta watu wanavuta nguzo ya umeme. Mwaka mzima sikumsemesha vizuri. Na yeye haniambii kitu, ananiambia samahani tu, samahani, mpaka neno lenyewe likanichosha. Harusini kwangu mlikuwepo. Wewe Spika ndiye uliyekuwa msema chochote, umeshika kipaza sauti. Mlikula, mkacheza, mkapiga picha. Mkaja kila sikukuu. Na haya yote mlikuwa nayo kichwani, mnayachekea hapa kila asubuhi. Kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia?

Lilikuwa swali jepesi. Nilimtazama Spika, mtu mwenye jibu la kila kitu, na Spika alikuwa anafuta mkasi ambao haukuwa na uchafu. Mama Buli akajishughulisha na mkaa. Mimi nilifungua mdomo niseme tulidhani unajua, nikaona jinsi jibu hilo litakavyosikika, nikayameza maneno pamoja na kahawa ya baridi.

— Anatakiwa mtu mmoja wa kutia sahihi, akasema shemeji alipochoka kungoja. Daktari anaweza kumpigia simu amuulize peke yake.

Daftari aliinua mkono kama yuko darasani. Akatia sahihi. Kwenye sehemu ya uhusiano na mhusika alikaa kidogo, kisha akaandika kwa herufi zake zilizonyooka: tulikaa dawati moja. Halafu akauliza, bila kumtazama mtu, kama pale dirishani wanatoa fomu hizo kwa yeyote anayeomba, au mpaka uwe umechanganya kitu kwanza.

— Njoo Jumatatu, alisema shemeji, na sauti yake ilikuwa imelainika nusu. Nitakuulizia pale dirishani.

Kisha akamgeukia mumewe. Kiberiti alikuwa ameshajiandaa, samahani imemjaa mdomoni, tuliiona ikija.

— Usiseme, alimwambia. Twende wote. Tuna dakika ishirini na tano, njiani unieleze. Kuanzia hayo ya shule.

— Ni mengi. Nianzie wapi?

— Popote. Ukiruka, nitaruka na wewe.